Safari ndefu ya mtumbwi kama ndo unaanza

Kabla hujawaza km 100 we anza na safari ya siku moja, kwenye maji tulivu karibu na ukingo, na siku hiyo pindukeni makusudi we na mwenzako afu mjifunze kurudi ndani, maana hilo likikukuta kwa mara ya kwanza katikati ya safari ni hatari sana. Jaketi la kuokoa maisha livae na ulifunge, usilikalie!! Nguo za kulalia, simu na chakula weka kwenye mifuko isiyoingiza maji, ifunge kwa kamba, vizito vikae chini katikati. Mwanzo panga km 15 hadi 20 kwa siku, mtumbwi unaenda kama km 4 au 5 kwa saa lakini upepo wa mbele unaweza kukula hata nusu, ndo maana mi nasema ondokeni alfajiri, mchana upepo mara nyingi unaongezeka. Kupiga kafi usitumie mikono tu, zungusha kiwiliwili, la sivyo kesho yake mabega hayainuki. Mwenye uzoefu akae tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, ndo anashika uelekeo. Na muachieni mtu wa nchi kavu ratiba, mnapita wapi na mnarudi lini.