SOMO: Alarmu ya nyumba, yenye waya ao isiyo na waya? (kwa parseli za Bukavu)

Naandika hapa mara moja ili nisirudie tena. Kila juma mtu ananitumia ujumbe: "Fundi, ninunue ya waya ao ya bila waya?" Namjibu vizuri, kesho yake mwingine anauliza neno lile lile. Kuanzia leo nitawaelekeza hapa. Someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Kwanza, usianze na waya. Anza na mambo mawili: kuran ikienda saa nane ya usiku, alarmu itakula umeme wa wapi? Na ikilia, nani atasikia na kutoka? Ukishayajibu, parseli yenyewe itakuonyesha wapi pa kuvuta waya na wapi pa kuacha.

Pili, kamera ya wifi si alarmu. Inaonyesha mwizi akiingia, basi. Na nyingi zinazouzwa kwa jina la "bila waya" bado zina waya wa umeme unaoenda kwenye prizi.

1. Chora nyumba kwenye karatasi, weka alama kwa kila mlango na kila dirisha ambalo mtu anafikia bila ngazi.

2. Umepanga? Chukua isiyo na waya, siku ya kuhama unaibeba. Unajenga? Pitisha tiyo za plastiki ukutani kabla ya lipu, hata kama pesa ya alarmu haijapatikana.

3. Umeme. Santrali (boksi kuu, ndiyo akili ya alarmu) ya waya kwa kawaida ina nafasi ya batri ya volti 12, ampea-saa 7, na kuran ikienda batri hiyo ndiyo inalisha kila kitu: vihisi (vifaa vinavyogundua mlango kufunguka ao mtu kutembea), kibao cha namba, sireni. Ya bila waya, vihisi vina batri zake ndogo, lakini santrali inachomekwa kwenye prizi na batri ya akiba ndani yake mara nyingi ni ndogo. Muulize muuzaji inadumu saa ngapi. Asipojua, fungua kijitabu mbele yake. Na kama inatoa habari kwa wifi peke yake, kumbuka ruta nayo inazimika pamoja na nyumba. Tafuta yenye nafasi ya kadi ya simu.

4. Mteremko na radi. Parseli zetu nyingi geti liko juu kando ya barabara, nyumba iko chini. Kuvuta waya hapo ni kuchimba mfereji kwenye udongo ambao mvua kubwa inauteremsha. Na kuna radi. Utafiti wa satelaiti uliotolewa 2016 uliweka mahali palipoitwa Kabare, huku kwetu mashariki ya Kongo, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Waya mrefu wa shaba uliopita nje unaokota umeme wa radi hata kama radi imepiga mbali kidogo, na umeme huo unakimbilia moja kwa moja kwenye santrali. Kwa hiyo geti, jiko la nje, kibanda cha zamu: bila waya. Ndani ya nyumba yako mwenyewe: waya. Mchanganyiko huo ndio ninaowafungia watu wengi, na santrali zinazokubali vyote viwili zipo.

5. Usidanganywe na vihisi vya bila waya. Vile vya bei ya chini vya 433 MHz (ndiyo mawimbi vinayotumia) vingi vinatuma namba ile ile kila mara. Rimoti ya namna hiyo inanakiliwa na kifaa kidogo tu, na mwizi anazima alarmu yako akiwa barabarani. Uliza mambo mawili: namba zinabadilika kila mara? Na kihisi kinatoa habari kila baada ya muda kwamba kingali hai? Jaribu: toa batri ya kihisi kimoja, subiri muda ulioandikwa kwenye kijitabu. Santrali isipolalamika, usinunue. Kabla ya kutoboa ukuta, tembea na kihisi mkononi nyumba nzima. Mlango wa chuma, mabati na ukuta mnene wa mawe vinakula mawimbi.

6. Rezista ya mwisho wa waya. Hapa someni polepole, maana kazi nyingi ninazoitwa kutengeneza upya zimeharibikia hapa. Kihisi cha mlango ni sumaku na swichi. Mlango ukifungwa umeme unapita, ukifunguka umeme unakatika, alarmu inalia. Sawa. Sasa mtu aliyekuja mchana kupaka rangi akichubua zile nyaya mbili na kuzigusanisha, umeme utapita siku zote. Mlango utakuwa wazi usiku na santrali itaamini umefungwa. Dawa yake ni rezista ndogo, yaani kipande kinachopunguza umeme unaopita kwenye waya. Santrali inapima: ikiona thamani ya rezista, kila kitu sawa, ikiona waya umekatwa ao umegusanishwa, inalia. Lakini rezista lazima ikae mwisho kabisa, ndani ya kihisi chenyewe. Mafundi wengi wanaifunga ndani ya boksi la santrali kwa sababu ni rahisi, na hapo haina kazi yoyote: waya wote mpaka mlangoni umebaki bila ulinzi.

Angalizo: thamani ya rezista inategemea santrali. Usichukue ya santrali nyingine. Angalizo la pili: usimlipe fundi kabla hajagusanisha nyaya mbele yako, pale kwenye kihisi, na alarmu ikalia.

7. Sireni mbili: moja nje juu, moja ndani.

8. Zima kuran kwenye mita, kisha jaribu kila mlango, zamu akiwepo ili ajue mlio.

MASWALI

Kadutu_Boy: Bei gani yote?

Fundi: Milango mingapi? Umepanga ao ni yako? Fanya hatua ya 1 na ya 2, halafu rudi.

Kadutu_Boy: Nilitaka tu marki nzuri.

Fundi: Marki nzuri iliyofungwa vibaya hailindi. Hatua ya 6.

Mama Nguba: Aksanti fundi. Hiyo batri ya ampea-saa 7, nitajuaje itadumu usiku mzima?

Fundi: Mama, swali zuri sana. Angalia kwenye kijitabu kila kifaa kinakula milliampea ngapi, jumlisha. Tuseme santrali na kibao cha namba ni 120, vihisi vya mwendo vitano kwa 15 ni 75. Jumla 195, karibu ampea 0.2. Gawanya 7 kwa 0.2: saa 35. Lakini batri ya risasi haipendi kukaushwa, na ikizeeka inapungua, kwa hiyo hesabu siku moja. Sireni ikilia inakula zaidi, ndiyo maana inawekewa kikomo cha dakika. Kuran ikizoea kukosa siku mbili kwenu, weka batri kubwa na chaja inayolingana nayo.

Tekno243: Bila waya ni bure tu. Wezi wanaziba mawimbi.

Fundi: Wanaweza kuziba, na santrali nzuri inagundua kwamba mawimbi yamezibwa na inalia. Hata waya unakatwa kwa koleo. Nimeandika vyote viwili, na nimeandika ya kuangalia kabla ya kununua. Si kweli kwamba ni bure.

Muzee wa Muhumba: Mwanangu, mimi niko karibu na Ruzizi. Simu yangu inakamata rezo ya Rwanda kila mara. Alarmu nayo?

Fundi: Ndiyo mzee, nayo pia, na aksanti kwa kulileta, sikuliandika. Kadi ikihamia rezo ya ng'ambo, simu ya alarmu inaweza kukataa kutoka ao kukula yuniti zote. Ingia kwenye mipangilio, ondoa kuchagua rezo kwa otomatiki, ifunge kwenye rezo yako ya hapa. Ondoa na namba ya siri ya kadi. Na utie yuniti mara kwa mara, maana kadi isiyotumika kampuni inaifunga.

Dada_Panzi: Kihisi cha mwendo sebuleni kinalia bila mtu. Kimeangalia dirisha.

Fundi: Kigeuze. Kinahisi joto linalotembea: jua dirishani, pazia na upepo, bati lililopashwa. Kiweke pembeni ili mtu apite mbele yake kwa kukata, si kwa kukijia uso kwa uso. Hapo ndipo kinaona vizuri zaidi.

Bagira_Elektro: Na kamera ya nje usiku inaonyesha nyuzi nyeupe tupu.

Fundi: Buibui. Mwanga wa kamera unavuta wadudu, buibui anafuata chakula. Zima taa ya kamera, weka taa nyingine mita mbili tatu kutoka hapo, na upanguse kioo.

Kadutu_Boy: Milango miwili, madirisha manne, nimepanga.

Fundi: Sasa tunaongea. Nitumie mchoro wako, kesho asubuhi nakupa orodha na bei.