Namna ya Kuandika Wasifu wa Msanifu Majengo: Mfano wa Philip Webb

Anayeandika wasifu wa msanifu majengo huvutwa kuanza na kuzaliwa kwake, masomo yake na tuzo zake, kisha majengo yakaja mwishoni kama orodha. Kwa Philip Webb, mmoja wa waasisi wa vuguvugu la Sanaa na Ufundi nchini Uingereza, lililothamini kazi ya mikono kuliko bidhaa za viwandani, mpangilio huo haufai, kwa kuwa hakupenda kutangaza kazi zake na maisha yake yote yamo ndani ya nyumba alizojenga. Kwa hiyo utoto wake upewe sentensi mbili tu: alizaliwa Oxford mwaka 1831, baba yake akiwa daktari, na mwaka 1854 akaajiriwa na msanifu George Edmund Street. Katika ofisi hiyo ndimo alimokutana na William Morris, mshairi na mbunifu wa mapambo, mwaka 1856, na urafiki huo ndio uliompatia kazi yake kubwa ya kwanza.

Kazi hiyo ni Red House, iliyoko Bexleyheath, aliyoanza kumjengea Morris mwaka 1859. Hapa usiharakishe. Itafute ramani ya nyumba, uifuate kwa kidole chumba hadi chumba, nawe utaona jinsi mabawa mawili yanavyokutana kwa pembe na kukumbatia kisima chenye paa la vigae lililochongoka. Mweleze msomaji kwamba matofali mekundu yaliachwa wazi bila kupigwa lipu, na kwamba madirisha yalitofautiana kwa ukubwa kulingana na mahitaji ya kila chumba, hata kama sura ya nje ingekosa ulinganifu. Kisha taja kasoro, maana wasifu unaosifu tu haumfundishi mtu: vyumba vikuu vilielekezwa kaskazini. Msomaji wa Afrika Mashariki aelezwe kuwa Uingereza jua hupita upande wa kusini, hivyo chumba cha kaskazini hubaki na ubaridi karibu mwaka mzima.

Baada ya hapo, iweke kando ya nyumba hiyo kazi ya uzeeni na uziulize zote mbili maswali yale yale. Kwa Webb kazi hiyo ni Standen, karibu na East Grinstead, aliyomjengea wakili James Beale kati ya 1891 na 1894. Safari hii vyumba vya familia vinatazama kusini, nyumba ya kale ya shamba iliyokuwapo haikubomolewa, na kuta zimechanganya mawe ya mahali hapo, matofali, vigae na mbao kama walivyofanya waashi na maseremala wa eneo hilo kwa vizazi vingi. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya nyumba hizi mbili inaeleza ukuaji wa Webb kuliko sura nzima ya tarehe.

Usisahau kazi isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1877 Webb na Morris walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, wakipinga mtindo wa kukwangua kuta za makanisa na kuyavika sura ya enzi isiyokuwa yake. Eleza ushauri wenyewe ulivyokuwa: ziba nyufa, imarisha ukuta palipodhoofu, na kilicho kizima kisiguswe.

Kuhusu vyanzo, utamkuta kwanza msanifu na mwandishi William Lethaby, ambaye maelezo yake kuhusu Webb yalitoka kama kitabu mwaka 1935, miaka 20 baada ya Webb kufariki. Lethaby alikuwa rafiki aliyemheshimu mno, kwa hiyo kila sifa anayoitoa ipime kwa michoro ya Webb mwenyewe, ambayo sehemu yake imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, London. Ukikuta maneno ya Lethaby na mchoro havipatani, andika kile unachokiona kwenye mchoro.