Jinsi Michoro ya Chipu Inavyohamishwa Hadi Kwenye Silikoni

Rafiki yangu, uliniuliza ni kalamu gani inayoweza kuchora mistari myembamba kuliko kirusi. Hakuna kalamu. Tunachofanya ni kukinga sehemu fulani na kuondoa nyingine, kama fundi wa batiki anavyopaka nta pale asipotaka rangi ishike. Tofauti ni kwamba kinga yetu hukatwa kwa mwanga, na mbinu hiyo huitwa fotolitografia.

Hatua ya 1: Kuandaa bamba
Tunaanza na bamba la duara la silikoni, ambalo katika viwanda vikubwa lina kipenyo cha milimita 300, likiwa limefunikwa kwa tabaka tunalotaka kuchonga, tuseme oksidi ya silikoni. Huoshwa, hukaushwa kwa joto, kisha hupitishwa kwenye mvuke wa kemikali inayofanya uso wake uyakatae maji, ili utando utakaofuata ushike vizuri.

Hatua ya 2: Kupaka fotoresisti
Fotoresisti ni kimiminika kinachobadilika kikemia kinapopigwa na mwanga, nayo ndiyo kinga yetu. Hudondoshwa katikati ya bamba, nalo huzungushwa maelfu ya mizunguko kwa dakika mpaka ubaki utando mwembamba wenye unene ulio sawa kila mahali. Bamba hupashwa moto kwa nyuzi 100 hivi ili kiyeyushi kivuke. Taa za chumba ni za manjano, kwa kuwa mwanga huo hauiathiri fotoresisti.

Hatua ya 3: Kuangaza
Mwanga wa urujuanimno hupita katika kiolezo chenye mchoro, lenzi huupunguza mchoro huo mara nne, nao huangukia kipande kimoja cha bamba kabla mashine haijahamia kingine. Unene wa mstari unaowezekana hutegemea urefu wa wimbi la mwanga na upana wa pembe ambayo lenzi inaweza kuukusanya. Mashine zinazotumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), hata zinapowekewa maji kati ya lenzi na bamba, hukomea kwenye mistari ya nanomita 38 hivi kwa mwangazo mmoja. Ili kupita hapo, kampuni ya ASML ya Uholanzi hutengeneza mashine za nanomita 13.5, ambazo leza yake hupiga matone ya bati iliyoyeyuka takribani mara 50,000 kwa sekunde ili yatoe mwanga huo. Kwa kuwa mwanga huo humezwa na lenzi na hata na hewa, safari yake yote hufanyika ndani ya ombwe, ukiongozwa na vioo vya kuakisi.

Hatua ya 4: Kuoka tena na kusafisha
Wageni wengi huipita hatua hii haraka, nami huwasihi wasifanye hivyo. Katika fotoresisti za kisasa, ambazo msingi wake uliwekwa na Hiroshi Ito, Grant Willson na Jean Fréchet huko IBM mapema miaka ya 1980, mwanga huzalisha asidi kidogo tu. Joto ndilo linaloiwezesha kila molekuli ya asidi kubadilisha vifungo vingi vya kemikali. Ukizidisha joto, asidi husambaa hadi sehemu zisizoangazwa na kingo za mistari huharibika. Ukilipunguza, mchoro haufunguki. Baada ya hapo dawa ya kusafishia, ambayo ni alkali, huyeyusha sehemu zilizoangazwa.

Pima upana wa mistari sasa. Fotoresisti yenye kasoro huondolewa na kazi ikarudiwa, lakini tabaka likishachongwa halirudi.

Hatua ya 5: Kuchonga
Asidi ya majimaji hula pande zote, hata chini ya kinga, kwa hiyo mistari myembamba huchongwa kwa plazma, yaani gesi iliyotiwa chaji ya umeme, yenye florini. Uga wa umeme huvuta ioni, yaani chembe zake zenye chaji, zishuke wima, na kuta za mfereji husimama. Fotoresisti iliyobaki huondolewa kwa plazma ya oksijeni.

Mistari ikihitajika kuwa myembamba kuliko mwanga unavyoruhusu, chonga kwanza mistari ya muda, ifunike yote kwa utando wenye unene ulio sawa, kisha uuchonge utando huo wima mpaka ubaki ubavuni mwa kila mstari tu. Ukiiondoa mistari ya muda, kila mmoja utakuwa umeacha kuta mbili, na kuta hizo ndizo zinazotumika kuwa kinga mpya. Upana wake huamuliwa na unene wa utando, si na lenzi.