Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupimwa Lukemia kwa Saitometria ya Mtiririko

Daktari anaposhuku lukemia, yaani saratani ya damu, mara nyingi huagiza damu au uboho wa mgonjwa upimwe kwa saitometria ya mtiririko, kipimo kinachochunguza seli moja moja zikiwa nzima na, inavyowezekana, zikiwa bado hai. Hali hiyo ya seli ndiyo msingi wa maandalizi yote, kwa maana hakuna mashine, hata iwe bora namna gani, inayoweza kusoma seli zilizooza njiani au zilizokwisha kuuawa na dawa kabla sampuli haijachukuliwa.

Ni vyema mgonjwa na jamaa zake waelewe kwanza kinachofanyika maabara. Seli huchanganywa na kingamwili zilizounganishwa na rangi zinazong'aa, na kila kingamwili hushika protini yake mahususi. Kisha seli hupitishwa katika mkondo mwembamba wa kimiminika, zikifuatana mbele ya mwanga wa leza kwa kasi inayoweza kufikia maelfu kwa sekunde. Mwanga unaotawanyika kuelekea mbele hudokeza ukubwa wa seli, unaotawanyika pembeni hudokeza wingi wa chembechembe zilizomo ndani yake, na mng'ao wa rangi huonyesha ni protini zipi zilizopo. Protini hizo, ambazo huitwa pia alama, hutajwa kwa herufi CD na namba. Seli changa zenye CD19, CD10 na CD34 huelekeza fikra kwenye lukemia kali (inayokua kwa kasi) ya limfosaiti B, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, ilhali zenye CD13, CD33 na CD117 huelekeza kwenye lukemia kali ya mieloidi, yaani ya jamii nyingine ya seli za uboho. Hata hivyo, hakuna alama moja inayotosha kutoa hukumu. Uboho wa mtu asiye na saratani nao una seli changa za B zenye CD19 na CD10, hivyo mtaalamu hulazimika kupima mpangilio wote wa alama pamoja na nguvu ya kila moja.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni dawa zilizotumika kabla. Steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni, ambazo mtu huweza kupewa kwa sababu ya kuvimba tezi au kushindwa kupumua vizuri kabla yeyote hajafikiria lukemia, zina uwezo wa kuua seli za lukemia ya limfosaiti kwa haraka, kiasi kwamba sampuli ya siku chache baadaye inaweza kuonekana karibu safi ilhali ugonjwa bado upo. Kwa hiyo daktari aelezwe kila kidonge na kila sindano, pamoja na tarehe ya kuanza na kiasi cha dawa kilichotumika. Mgonjwa asiache steroidi kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani kuzikatisha ghafla baada ya kuzitumia kwa muda mrefu ni hatari. Uamuzi huo ni wa daktari. Vilevile zitajwe dawa za kuchochea chembe nyeupe, ambazo huongeza seli changa zisizo za saratani, na rituksimabu, dawa ya kingamwili ambayo huweza kuficha protini ya CD20.

Uboho kwa kawaida hutolewa kwenye mfupa wa nyonga, upande wa nyuma, baada ya kuchomwa dawa ya ganzi. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na aliyewahi kupata mzio wa dawa ya ganzi, aseme mapema. Kufunga kula huhitajika iwapo atapewa dawa ya usingizi.

Kwa upande wa watoa huduma, mvuto wa kwanza wa uboho, yaani kiasi kinachovutwa kwanza kwa sindano, ndio wenye thamani kubwa, kwa kuwa inayofuata huzidi kuchanganyika na damu ya kawaida na kupunguza uwiano wa seli changa. Pale ambapo mvuto huo unagawanywa, ugawaji upangwe kabla ya sindano kuingia. Sampuli ya kipimo hiki iwekwe kwenye chupa yenye EDTA au heparini, ambazo huzuia damu kuganda, kama maabara ilivyoelekeza. Isigande, isigandishwe kwenye barafu wala kutiwa fomalini, dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili. Ifike maabara ikiwezekana ndani ya saa 24, au 48 pale maabara inapokubali, na kwa sababu hiyo ni busara kuuliza kama kuna mtu wa kuipokea kabla ya kuichukua mwishoni mwa wiki.

Sampuli za vipimo vya kromosomu na jeni ziandaliwe siku hiyohiyo, kwa sababu saitometria haionyeshi muungano wa jeni za BCR na ABL1, ambao hubadilisha uchaguzi wa tiba. Ikishukiwa lukemia kali ya promielosaiti, aina mojawapo ya lukemia kali ya mieloidi, matibabu hayapaswi kungoja majibu yote, kwa kuwa kutokwa damu kunaweza kuua ndani ya muda mfupi.

Hatimaye, familia iombe nakala ya ripoti ya kwanza na kuitunza. Baada ya tiba, kipimo hikihiki huweza kutafuta seli zilizosalia hadi kiwango cha seli 1 kati ya 10,000, na mtaalamu atahitaji kujua seli za saratani zilikuwa na alama zipi tangu mwanzo.