Somo: Jua ukoo wa gemu yako ya vita kabla ya kununua mausi, skrini na hedifoni

Wakuu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni "ninunue mausi gani?" Nami huuliza kwanza: unacheza gemu gani? Anayecheza Counter-Strike na anayecheza Warzone wote wameshika bunduki, lakini kazi ya mkono, jicho na sikio ni tofauti kabisa. Tofauti hiyo imeletwa na historia ya gemu zenyewe, na ndiyo maana somo linaanzia huko.

Hatua ya 1: Tafuta ukoo wa gemu yako

Gemu ya Wolfenstein 3D ya kampuni ya id Software ilitoka 1992, Doom ikafuata 1993. Kwenye Doom hukuhitaji kulenga juu wala chini: ukielekea upande alipo adui, risasi inampata hata akiwa amesimama ghorofani. Kibodi peke yake ilitosha. Quake ya 1996 ndiyo iliyoleta ulimwengu wa pande tatu kamili, na wachezaji wakaona kwamba bila mausi shingo haigeuki kwa wakati.

Baada ya hapo ukoo uligawanyika. Upande mmoja kuna gemu za mbinu. Rainbow Six ya 1998 ilikutaka upange shambulio kwenye ramani kabla ya kuvunja mlango, na risasi moja ingeweza kukumaliza. Mwaka 1999 ikaja Counter-Strike, modi (toleo lililorekebishwa) ya gemu ya Half-Life, iliyotengenezwa na wapenzi wa gemu, ambako silaha unainunua kwa pesa uliyopata kwenye raundi zilizopita. Rainbow Six Siege (2015) na Valorant (2020) ni wajukuu wa upande huu.

Upande wa pili ni wa kasi na mandhari ya kisinema: Medal of Honor ya 1999, kisha Call of Duty ya 2003. Zote mbili zilianzia Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 2007 Call of Duty 4 ikahamia vita vya zama zetu, ikampa mchezaji ruhusa ya kujipangia bunduki na uwezo wa ziada, na kufungua vipya kadiri anavyopanda ngazi. Kwa maoni yangu hakuna gemu nyingine iliyoacha alama kubwa kama hiyo. Mfumo wake uko karibu kila mahali leo.

Wa tatu ni wa uwanja mpana. Operation Flashpoint (2001) na Battlefield 1942 (2002) zilileta vifaru, ndege na adui aliye mbali kama punje ya mchele. Studio ya Operation Flashpoint, Bohemia Interactive, ndiyo iliyotengeneza Arma, na ni kwenye modi za Arma ambako Brendan Greene alijaribu wazo lililozaa PUBG mwaka 2017: watu 100 wanashuka, anabaki mmoja. Warzone ya 2020 imechanganya damu ya upande wa pili na wa tatu.

Hatua ya 2: Pata fremu kwanza, skrini baadaye

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Fremu ni picha ambazo kompyuta inachora kila sekunde; Hz ni mara ngapi skrini inabadilisha picha kwa sekunde. Skrini ya Hz 60 inabadilisha picha kila milisekunde 16.7. Ya Hz 144 ni kila 6.9, na ya Hz 240 ni kila 4.2. Tazama hesabu hiyo vizuri: kutoka 60 kwenda 144 unaokoa karibu milisekunde 10, ila kutoka 144 kwenda 240 unaokoa chini ya 3. Ruko la kwanza kila jicho linaliona. La pili ni la mtu wa gemu za mbinu ambaye kompyuta yake kweli inatoa fremu 240. Kama yako inatoa fremu 70 tu, weka pesa kwenye kadi ya picha au prosesa, skrini isubiri.

Ukishanunua, ingia kwenye mipangilio ya kompyuta uhakikishe kasi imewekwa ile uliyolipia. Mimi nilicheza miezi kadhaa kwenye skrini ya 144 iliyokuwa bado imesetiwa 60, na siku nilipoibadilisha nilihisi kama nimepewa macho mapya. Tafadhali kagueni leo.

Hatua ya 3: Mausi na wepesi wake

Umbo likae kiganjani, uzito uwe mdogo, na mkeka uwe mpana. Hayo yanatosha kuhusu mausi yenyewe. Kinachoamua shabaha ni wepesi, yaani shabaha inasogea kiasi gani ukisukuma mausi. Zidisha DPI (hatua ambazo mausi inahesabu kwa kila inchi unayoisukuma) kwa namba ya wepesi ndani ya gemu. DPI 400 kwa 2, au 800 kwa 1, yote ni 800, na kwenye Counter-Strike hiyo ina maana unasukuma mausi kama sentimita 52 ili uzunguke duara zima. Wachezaji wengi wa mashindano ya gemu hiyo hawako mbali na hapo, kwa sababu wanangoja kwenye kona na kusahihisha kidogo tu. Call of Duty inakutaka ugeuke nyuma ghafla, hivyo wepesi wa juu zaidi unafaa. Zima pia ule usaidizi wa Windows unaoongeza mwendo wa mshale kadiri mkono unavyoharakisha, maana unauchanganya mkono.

Kibodi? Yoyote inayopokea vitufe kadhaa kwa pamoja.

Hatua ya 4: Masikio

Kwenye gemu za mbinu na za uwanja mpana, nyayo zinakufikia kabla ya mwenye nyayo. Chukua hedifoni ya waya. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti, na ukisikia mlango umefunguliwa, adui ameshaingia.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nacheza Call of Duty kwa pedi (kidhibiti cha mkononi chenye vijiti na vitufe). Marafiki wananisukuma nihamie mausi. Nifanyeje?

Jibu: Baki. Tangu Halo ya 2001 vijiti viwili vimethibitisha kwamba vinatosha, na Call of Duty inawapa wa pedi msaada wa kulenga. Shughulikia ile sehemu ya mwanzo ya kijiti ambayo gemu inaipuuza: ipunguze hadi silaha ianze kusogea yenyewe, kisha iongeze kidogo.

Swali: Hedifoni iliyoandikwa 7.1 (sauti ya spika nane za kukuzunguka) ni bora kuliko ya kawaida?

Jibu: Nyingi zina spika mbili tu ndani; hizo nyingine zinaigizwa na programu. Gemu nyingi zina mpangilio wao wa hedifoni. Ukiwasha vyote viwili, sauti inavurugika na mwelekeo unapotea. Tumia ule wa gemu.

Swali: Kaka, mdogo wangu anacheza PUBG kwenye simu. Nimnunulie yenye skrini ya Hz 120?

Jibu: Dada, angalia kwanza kama gemu inaruhusu fremu nyingi kwenye simu hiyo hiyo, maana si zote zinaruhusiwa. Kisha angalia joto. Simu ikichemka, prosesa inajipunguza kasi na fremu zinaporomoka katikati ya mechi. Inayobaki baridi kwenye fremu 60 ni bora. Mwambie pia awashe jairoskopu. Kulenga kwa kuinamisha simu ni sahihi kuliko kidole.

Swali: Nimebadilisha wepesi mara nne wiki hii na bado napiga ukuta. Nijaribu namba gani?

Jibu: Usijaribu nyingine. Rudi kwenye ile ya kwanza, kaa nayo wiki mbili bila kuigusa, halafu urudi hapa utuambie risasi zinapita upande gani: zikipitiliza, punguza, zikifika pungufu, ongeza.