Mtwara hadi Dodoma na watoto: anza kupanga korosho zikiwa bado mnadani

Mama mkwe wangu ndiye aliyeianzisha safari hii. Tulikuwa tunasikiliza taarifa ya habari, mtangazaji akasema "serikali mjini Dodoma", mama akanigeukia: "Mwanangu, hivi hiyo serikali ilihama lini?" Nikamwambia uamuzi ulipitishwa 1973 enzi za Mwalimu, Bunge likahamia 1996, wizara zikaanza kufuata kwa kishindo 2016. Akahesabu vidole, akacheka. "Miaka arobaini na zaidi wanafunga mizigo! Basi na mimi bado sijachelewa."

Tulikwenda watu sita: mimi, mume wangu, mama, na watoto watatu wa miaka kumi na mitatu, tisa na mitatu. Tangu turudi, majirani hapa Chikongola wananiuliza kila siku tulifanyaje. Nayaandika mara moja tu, atakaye asome.

Jambo la kwanza ni tarehe, pesa baadaye. Najua utasema bila pesa hakuna tarehe. Lakini sisi wa kusini tuna tatizo letu: pesa inakuja mwezi ambao safari haifai, na safari inafaa mwezi ambao pesa imeshakwisha. Malipo ya korosho yanaingia kuanzia minada ya Oktoba na Novemba, wengine mpaka baada ya mwaka mpya. Watoto wanafunga shule Desemba, mfuko umejaa, unasema twende. Kumbe Desemba ndiyo mvua zinaanza Dodoma, na Bunge halipo. Ukingoja Aprili, masika yameshika njia yetu. Nani amesahau mwaka 2024, mvua zilipokata barabara upande wa Kilwa, na mwezi Mei kimbunga Hidaya kikamalizia? Watu walilala njiani na watoto wachanga. Mimi na mama mzee sithubutu.

Mwezi wenyewe ni Juni. Shule zimefungwa, barabara kavu, Dodoma haina mvua, na Bunge la bajeti linaendelea mpaka mwisho wa mwezi. Ila kama mna shamba, nendeni wiki za mwanzo za likizo, maana baada ya hapo mwenye mikorosho anaanza kuwaza salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Mume wangu alikuwa Dodoma mwili tu. Kila jioni anapiga simu Nanyamba kuuliza kama bomba la kupulizia limerudi kwa fundi.

Kwa hiyo pesa ya Juni inatengwa Novemba, siku ile ile malipo yanapoingia kwenye akaunti. Usiiache nyumbani, utaitia kwenye bati au kwenye harusi ya mtu. Mimi niliingiza hisa zangu kwenye kikoba chetu, ambacho kinavunjwa Mei. Jirani yangu alinunua mbuzi wawili akawauza kabla ya safari ya mwanawe. Njia yoyote, mradi uifiche mbali na mkono wako mwenyewe.

Sasa njia. Ziko mbili za barabara. Ya kwanza ni Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, halafu unashuka Mtera kuingia Dodoma. Ni nzuri kwa macho, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu ni adhabu. Ya pili ni kupanda basi mpaka Dar, ukalala, kesho yake ukapanda treni ya umeme. Sisi tulichukua hiyo, na ndiyo ninayokushauri.

Basi linaondoka stendi ya Mkanaledi alfajiri. Mkate tiketi siku mbili tatu kabla, na muombe viti vya katikati, kule nyuma mnarushwa. Chakula cha njiani pika mwenyewe. Nilibeba vitumbua, mayai ya kuchemsha, korosho za kukaanga na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, ambayo mama aliing'ang'ania. Maji mpeni mtoto kwa vikombe vidogo vidogo, la sivyo mtamsimamisha dereva kila kichaka.

Mkikaribia Ikwiriri waamsheni watoto waone daraja la Mkapa. Lina urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa 2003, na kabla yake watu walikuwa wanavuka Rufiji kwa pantoni ya Ndundu. Mama alitusimulia pale pale kwenye basi jinsi alivyowahi kulala ng'ambo siku mbili akingoja kivuko, akiwa na mimba ya kumzaa mume wangu. Abiria wa viti vya jirani wote wakatega sikio. Kwetu daraja hilo lina jambo la ziada: Mzee Mkapa ni wa Lupaso, Masasi, na ndiko alikozikwa 2020. Mwanangu mkubwa alisomewa habari hizo darasani, lakini alizisikia siku ile.

Dar lala kwa ndugu kama unaye, hata kama ni wa kulazimisha. Usiunganishe siku moja. Basi likichelewa Kibiti, treni haikungoji.

Tiketi za hiyo treni ya umeme, SGR, kateni kwenye mtandao wa shirika la reli wiki kadhaa kabla, kwa sababu likizo zinajaa. Safari za Dar hadi Dodoma zilianza Julai 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili, na aliye chini ya miaka minne bure. Hesabu yetu: watu wazima watatu na yule wa miaka kumi na mitatu, ambaye kwa nauli tayari ni mzee, 124,000. Wa miaka tisa 15,500. Jumla 139,500 kwenda, na kurudi vivyo hivyo, 279,000. Angalieni nauli ya siku hiyo kabla ya kulipa, kisha kateni ya kurudi papo hapo. Msiseme tutakata tukifika.

Fikeni stesheni mapema, saa mbili kabla. Mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na vitambulisho vinatazamwa. Hapa kosa lilikuwa letu. Mama alikuwa amefunga papa mkavu ndani ya kanga, ndani ya begi la nguo, zawadi ya mpwa wake anayeishi Dodoma. Nilijua kwa harufu, nikanyamaza nikidhani atasahauliwa. Mashine haisahau. Tulifunguliwa begi mbele ya mstari mzima, papa akabaki Dar kwa shemeji aliyetusindikiza, na mama hakunisemesha mpaka Morogoro. Ulizeni kabla yale ambayo hayaruhusiwi, na kagueni begi la mzee kwa adabu mkiwa bado nyumbani.

Ndani ya treni watoto wapewe dirisha. Kuna kioo kinachoonyesha mwendo. Wangu walikuwa wanapiga kelele kikikaribia 160. Baada ya Morogoro, upande wa Kilosa, treni inaingia kwenye mahandaki ya mlima. Yule mdogo alidhani usiku umeingia, akaomba kulala. Mkitoka huko mtaona nchi inabadilika: kijani kinakwisha, mibuyu inaanza, udongo unakuwa mwekundu. Wapwani tunaozoea minazi tunashangaa kidogo.

Kuhusu baridi sikilizeni vizuri. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Juni asubuhi upepo wake unakata masikio. Sisi wa Mtwara tunadhani kitenge kinatosha. Bebeni masweta, soksi, na mafuta ya nazi ya kutosha, kwa sababu hewa ni kavu na midomo inapasuka siku ya pili. Mchana jua linawaka kama halijawahi kuwa na baridi, kwa hiyo valisheni nguo za kuvua moja moja.

Gesti. Wakati wa Bunge mji unajaa na bei inapanda, na vyumba vinagombewa. Mimi niliongea kwa simu na gesti moja maeneo ya katikati, wakaniambia "njoo tu dada, chumba kipo". Tulipofika saa tatu usiku vyumba vyote viwili walikuwa wameshawapa wengine. Tukakaa kwenye ngazi na mama mzee na mtoto amelala begani, mume anazunguka na bajaji kutafuta. Tulipata nje kidogo, na kesho yake nikashukuru, maana kulikuwa kimya na bei nafuu. Neno "njoo tu" si chumba. Tuma malipo ya awali, pata ujumbe wa kuthibitisha, piga simu asubuhi ya safari. Na ukipata pa kulala nje ya katikati ya mji, usione taabu. Daladala na bajaji zipo.

Bunge lenyewe ndilo lililotutoa Mtwara, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Usifike getini siku hiyo ukategemea bahati. Mwezi mzima kabla, mume wangu alikwenda ofisi ya mbunge huku jimboni, akaacha majina yetu, namba za vitambulisho na tarehe tunayotaka. Tarehe chagueni Alhamisi. Bunge linaanza saa tatu asubuhi, na kwa kawaida Alhamisi Waziri Mkuu anaulizwa maswali ya papo kwa papo, nusu saa ambayo hata mtoto anaifuata, kwa sababu swali na jibu vinagongana hapo hapo. Siku nyingine mnaweza kukuta mjadala wa vifungu vya bajeti, na mtoto wa miaka tisa atawatoa jasho.

Vaeni kama mnakwenda kuposa. Wanawake gauni refu na mtandio, wanaume shati na suruali. Jiandaeni kuacha simu na mabegi nje ya ukumbi, kwa hiyo picha pigeni mahali mtakaporuhusiwa. Mtoto mdogo asiingie. Mmoja wenu abaki naye. Nilibaki mimi, kwa hiyo haya nayasimulia kwa mdomo wa wengine: baada ya maswali Spika alitangaza wageni, akawataja wageni wa mbunge wetu kutoka Mtwara, wakaombwa wasimame. Mama akasimama. Wabunge wakapiga meza. Mwanangu anasema bibi alipunga mkono kama aliyeshinda uchaguzi. Papa akasamehewa siku hiyo.

Ijumaa mume na mama walisali msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa 2010. Ni miongoni mwa misikiti mikubwa Afrika Mashariki. Jengo lake linaonekana hata ukiwa mbali, na hata kama si Mwislamu, likitazame kwa nje.

Viwanja vya Nyerere katikati ya mji ni vya jioni: sanamu ya Mwalimu, watoto wanakimbia, wazazi wanapumzisha miguu bila kulipa. Nenda na hadithi ya jina la mji kwa Kigogo, watoto wataipenda. Inasimuliwa kuwa tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye matope, watu wakasema "idodomya", amedidimia. Yule mdogo bado anauliza kama alitolewa.

Mtumba, mji wa wizara, uko kama kilomita kumi na saba kutoka katikati, njia ya Dar. Pandeni daladala, mtazame majengo, mrudi. Ikulu ya Chamwino iko mbele zaidi, imezinduliwa 2023. Huko ni kupita tu barabarani. Simu ibaki mfukoni, msijaribu kupiga picha.

Mkubwa wangu alisikia kuna makumbusho ya miamba na madini kwa watu wa jiolojia, akauliza kama mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, yupo pale. Nikamwambia mjusi wetu wa Lindi yuko Berlin; Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913 wakabeba mifupa kwa tani. Akauliza, "Na huko nako tunapanga lini?" Nikamwelekeza kwa baba yake.

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia 2006, sisi tuliiacha. Kolo ni mbali, njia ya Babati, inataka siku nzima na miguu ya kupanda mawe. Bila mzee na mtoto mdogo ningekwenda.

Chakula: msiwahangaishe watoto kutafuta samaki. Kuleni mbuzi choma, na angalau mara moja ugali wa uwele kwa mlenda. Mama alisema mlenda wao umewashinda wetu, maneno ambayo nyumbani asingeyatamka. Zabibu msiwaahidi watoto kabla hamjaziona sokoni. Misimu yake mikubwa ni kama Machi, kisha Agosti na Septemba. Juni sisi tulipata kidogo kwa bei ya mgeni.

Siku tatu kamili zinatosha. Siku ya kurudi nunueni ubuyu na zabibu kavu sokoni Majengo asubuhi, fungeni vizuri, na hesabuni vifurushi kwa majina: aliyekuazima begi, aliyewalishia kuku, aliyebaki na funguo. Mimi nilimsahau wa kuku. Mayai hayajaletwa mpaka leo.