Kabla hujaenda kundini, piga simu: namna ya kutafuta kundi la afya ya akili lililo karibu nawe

Simu ya kundi letu hukaa kwangu. Ni simu ndogo ya vitufe, na kazi yake ni moja tu: kupokea watu wanaotafuta mahali pa kuzungumzia yaliyowaelemea. Wengi huuliza mnakutania wapi na saa ngapi, wakakata. Wachache huuliza kundi lenyewe ni la namna gani na nani analiongoza. Kwa niliyoyaona, hao wachache ndio wanaokuja wakabaki. Mimi si daktari. Nina ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda mno na kushuka mno kwa vipindi, niliingia kundini kama mwanachama, na nikaachiwa simu kwa sababu silali mapema. Ninayoandika hapa ni yale ninayotamani kila anayepiga angeyajua kabla hajapiga.

Jambo moja litangulie. Ukiwa unafikiria kujiua sasa hivi, au umeshapanga namna ya kufanya, usitafute kundi. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura, au mwite mtu aje akae nawe mpaka mfike huko, na chochote unachoweza kujidhuru nacho kiondolewe karibu yako. Makundi mengi hukutana mara moja kwa wiki, na hatari ya namna hiyo haisubiri siku ya kikao.

Unatafuta lipi?

Watu husema "kundi" wakimaanisha vitu viwili vilivyo mbali sana.

La kwanza ni kundi la kusaidiana. Hapo wanakutana watu wenye tatizo linalofanana, na anayeongoza ni mmoja wao au mtu aliyepewa mafunzo ya kuendesha vikao. Hakuna anayemtibu mwenzake. Mara nyingi ni bure au ni mchango mdogo, na mlango uko wazi: unaweza kuja leo, ukakosa wiki ijayo, ukarudi. Kundi la walevi wanaosaidiana kuacha pombe, lile la Alcoholics Anonymous lililoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, ndilo mfano unaojulikana zaidi, na makundi mengi ya baadaye yaliiga muundo wake. Mwaka 1951 jamaa za walevi nao wakaunda lao, Al-Anon. Nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanaonipigia si wagonjwa. Ni mama, ni mume, ni dada anayelala jicho moja wazi. Kama wewe ni mmoja wao, usije kukaa kwenye kundi la mgonjwa wako. Tafuta la walezi, kwa sababu kuna mambo hutayasema mbele yake, na yeye hatayasema mbele yako.

La pili ni tiba ya kikundi. Hii ni matibabu kamili. Anayeongoza ni mwanasaikolojia, daktari wa magonjwa ya akili au mshauri aliyesomea, nanyi mnakuwa watu sita hadi kumi hivi, kwa dakika 60 hadi 90 kila wiki. Kabla hujaingia utahojiwa peke yako, na faili lako litafunguliwa. Makundi mengine hufundisha stadi: namna ya kuyakamata mawazo yanayokuangusha, kuyapima, kuyajibu, na unapewa kazi ya kufanya nyumbani. Haya huwa na mwanzo na mwisho, na baada ya wiki kadhaa mmemaliza. Mengine hayana somo. Mnazungumza, na namna mnavyochukuliana humo ndani ndiyo inayofanyiwa kazi. Anayependa kupewa hatua za kufuata huchoka upesi na kundi hili lisilo na somo, basi ni vizuri kujua mapema.

Wapo wanaodhani kundi ni tiba ya wasio na pesa ya kumwona daktari peke yao. Si hivyo. Kwa matatizo mengi, sonona (huzuni nzito isiyoondoka) na wasiwasi yakiwemo, utafiti umeonyesha kwamba tiba ya kikundi hufanya kazi karibu sawa na ya mtu mmoja mmoja. Wala si jambo la juzi: mwaka 1905 huko Boston daktari Joseph Pratt alianza kuwakusanya wagonjwa wa kifua kikuu ili awafundishe kujitunza, akaona kwamba kule kukaa pamoja kwenyewe kulikuwa kunawainua. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani, baadaye aliyaorodhesha mambo yanayomsaidia mtu ndani ya kundi, akafika kumi na moja. Mawili kati ya hayo nayasikia kila wiki bila mtu kuyataja kwa jina: kugundua kwamba hauko peke yako, na kugundua kwamba nawe unaweza kumfaa mwenzako.

Ushauri wangu ni huu. Kama unatibiwa tayari, dawa au ushauri unao, lakini hakuna unayeweza kumwambia jinsi siku inavyokwenda, kundi la kusaidiana linakutosha. Kama hulali, huli, kazi imekushinda na hujaonana na mtaalamu yeyote, anza kliniki, kundi lifuate. Na kama uko katikati ya wimbi kubwa, unasikia sauti zinazokuamrisha au hujafumba macho kwa siku nyingi na akili inakimbia, subiri utulizwe kwanza. Kundi lenye watu kumi wanaozungumza litakuzidishia. Waliotulia lakini bado wanasikia sauti wana makundi yao wenyewe, na harakati hiyo ilianzia Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1980.

Wa kumuuliza

Muulize muuguzi wa kliniki ya afya ya akili. Daktari atakuandikia rufaa, lakini muuguzi ndiye anayejua kundi gani bado linakutana na lipi lilikufa mwaka jana likabaki jina. Baada yake, afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia mara nyingi vina kliniki ambako wanafunzi wa ngazi za juu huendesha vikundi chini ya msimamizi, na gharama huwa nafuu. Vyama vya wagonjwa na vyama vya wanasaikolojia huwa na orodha. Mwajiri mkubwa anaweza kuwa na huduma ya ushauri kwa wafanyakazi. Kama shida yako imeshikamana na jambo jingine, kwa mfano saratani, VVU, kujifungua au kufiwa, ulizia kwenye kitengo hicho hicho, maana mara nyingi kundi limefichwa humo na halina neno "akili" kwenye jina lake.

Ukitafuta kwenye intaneti, andika jina la tatizo lenyewe pamoja na jina la mahali unapokaa. "Afya ya akili" peke yake itakuletea semina na makongamano. Kisha angalia tangazo ni la lini. Tangazo la kundi huishi muda mrefu kuliko kundi.

Simu yenyewe

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu hapa ndipo unapochagua.

Huhitaji kutoa jina kamili, wala jina la ugonjwa, wala kisa chako. Sentensi hii inatosha: "Habari, natafuta kundi kwa ajili yangu mwenyewe, nina maswali machache, una dakika kumi?" Ukiona ulimi unakuwa mzito, andika maswali kwenye karatasi uyasome. Wapo wanaonisomea kama wanafunzi darasani, na sioni kasoro yoyote. Mwingine hupiga akanyamaza. Nami husubiri.

Anza na nani anaongoza. Asiye mtaalamu si lazima awe mbaya. Kusini mwa Uganda mwaka 2002 watafiti walijaribu tiba ya kikundi ya sonona vijijini: wanaume na wanawake walikaa makundi tofauti, wakakutana wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo, na waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa tiba hiyo hiyo kwa vikao vinane. Kwa hiyo usiishie kwenye cheti. Uliza amefunzwa na nani, na likimshinda jambo humpelekea nani. Kiongozi asiye na mtu wa kumpelekea jambo hunitia shaka, hata awe na shahada ukutani.

Uliza mnakuwa wangapi. Wakizidi kumi na wawili, asiyependa kusema hatasema kamwe. Uliza kama kundi ni wazi au limefungwa, yaani wapya huingia wakati wowote, au mnaanza pamoja na kumaliza pamoja. Uliza kama unaruhusiwa kukaa kimya siku ya kwanza. Jibu liwe ndiyo, bila masharti.

Kisha uliza swali ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: mtu akianza kulia asiweze kunyamaza, au akisema kikaoni kwamba anataka kufa, mnafanyaje? Kundi lililokomaa lina jibu tayari. Kuna anayetoka naye nje, hospitali ya kumpeleka inajulikana, jina la ndugu wa kupigiwa liliandikwa siku aliyojiunga. Kundi ambalo halijakomaa litakwambia "haijawahi kutokea". Lipe kundi hilo wiki kadhaa tu, jambo hilo litatokea.

Kuhusu siri, fahamu tofauti hii. Mtaalamu anafungwa na maadili ya kazi yake, na huwa anavunja siri pale tu uhai wa mtu au usalama wa mtoto uko hatarini. Mwanachama mwenzako hafungwi na chochote ila ahadi. Kwa hiyo uliza ahadi hiyo inatolewaje, na imewahi kuvunjwa wakafanya nini. Kama unaogopa kukutana humo na mfanyakazi mwenzako au shemeji yako, sema. Sitakutajia majina ya waliomo, lakini naweza kukwambia kuna kundi jingine, mtaa mwingine, siku nyingine. Kwenda mbali kidogo si woga.

Uliza pia kuhusu mawasiliano. Makundi mengi yana kikundi cha WhatsApp, na humo namba yako huonekana na wote, pamoja na picha yako. Usikubali kuunganishwa kabla hujahudhuria hata mara moja.

Mwisho, uliza wanasemaje kuhusu dawa. Jibu zuri ni fupi: hayo ni kati yako na daktari wako.

Pa kukimbia

Kimbia kundi linalokutaka uache dawa. Linalokuahidi kupona kabisa kwa muda fulani. Linalouza kitu, hata kama ni mafuta au vitabu tu. Linalopiga picha vikao na kuzitundika mtandaoni bila kumwomba kila mtu ruhusa. Na lile ambalo kiongozi ndiye anayezungumza muda wote. Hilo la mwisho halionekani kwenye simu, ila ukiongea na kiongozi dakika kumi, na tisa kati ya hizo zikawa zake, umeshajua.

Vikao vya mwanzo

Fika mapema kidogo, ukae karibu na mlango, na uwe na sentensi moja mkononi: "Naitwa fulani, leo nimekuja kusikiliza." Kutumia jina lisilo lako kwenye kundi la kusaidiana ni ruhusa. Kwenye tiba, mtaalamu atahitaji la kweli.

Jioni ya siku hiyo unaweza kujisikia mzito kuliko ulivyokuwa asubuhi. Umebeba ya watu. Usipange jambo kubwa usiku huo, na usiamue kuhusu kundi usiku huo. Nenda mara tatu au nne kabla hujahukumu, isipokuwa umedharauliwa, umelazimishwa kusema au umetongozwa. Hapo ondoka usirudi, na kama liko chini ya hospitali au chama, toa taarifa. Kama halikufai tu, mwambie kiongozi. Hatununi, na mara nyingi tunajua pengine pa kukuelekeza. Ukiona umezidi kuzama wiki hadi wiki, rudi kwa aliyekutibu umweleze.

Wakikwambia hakuna

Kwanza uliza kama kuna orodha ya kusubiri, kwa sababu vikundi vya tiba haviundwi mpaka watu wafike idadi, na huenda wamepungua wawili tu. Kundi la kwenye video linaweza kukushikiza kwa muda ukiwa na chumba chenye mlango unaofungwa. Vaa vipokea sauti vya masikioni, na uandike jina la kwanza tu pale linapoonekana.

Kisha mrudie yule muuguzi. Muulize kama kuna mwingine aliyeulizia hivyo hivyo mwaka huu, na mwachie namba yako pamoja na ruhusa ya kuitoa. Watatu wanatosha kuanza. Mwombeni chumba cha kliniki baada ya saa za kazi, mkutane hapo badala ya nyumbani kwa mtu, na kabla ya kikao cha kwanza muandike kwenye karatasi nani atafungua na kufunga mazungumzo, mtakaa muda gani, na ni nani wa kupigiwa mmoja wenu akizidiwa.